Nyumba Ilikuwa Tupu: Historia Fupi ya Mbwa, Nyoka na Mtoto Mchanga

Kuna hadithi moja imetembea kuliko Ibn Battuta. Wahusika wake ni wachache: baba, mama, mtoto mchanga na mnyama wa nyumbani. Wazazi wanatoka, nyoka anaingia. Mnyama anapigana na yule nyoka, anamuua, kisha anakimbilia mlangoni kumpokea mwenye nyumba, mdomo umejaa damu. Mwenye nyumba akiona damu anajua tu kwamba mtoto kaliwa. Anamuua mnyama palepale. Akiingia ndani anamkuta mtoto amelala salama, na kando yake nyoka vipande vipande.

Hadithi imekwisha hapo. Kinachobaki ni majuto.

Nimekuwa nikiifuatilia kwa miezi minne sasa, na sababu yangu si ya kitaaluma. Nina ujauzito wa miezi saba, na nyumbani kwetu Mbezi tuna mbwa wawili, Popi na Simba. Popi ni mbwa koko, mwekundu, tuliyemwokota akiwa mdogo nje ya geti. Simba tulipewa na jirani aliyehama. Tangu habari ya ujauzito ilipotoka, kila mgeni akishakaa na kunywa maji anauliza swali lilelile: na hawa mbwa?

Shangazi yangu anasema manyoya yataingia kwenye kifua cha mtoto. Jirani wa upande wa kulia anasema mbwa ana wivu, akiona kimepakatwa kitu kingine ataumwa roho. Fundi aliyekuja kupaka rangi chumba cha mtoto ana hofu ya kinyume kabisa: eti mbwa wa geti akizoea mtoto atakuwa laini na wezi watafurahi. Mume wangu hataki hata kusikia habari ya kuwatoa. Mama mkwe yeye alisema sentensi moja tu kwenye simu: "Mwanangu, mbwa watoke kabla mtoto hajaingia." Hakueleza kwa nini, na kwa heshima sikumuuliza.

Mwandishi wa habari akizidiwa na maoni hukimbilia kumbukumbu. Nilitaka kujua watu wa zamani walifanyaje, maana sisi si wa kwanza kuwa na mbwa uani na mtoto tumboni.

Ushahidi wa kwanza ni mifupa. Mwaka 1914 wachimba mawe huko Oberkassel, karibu na mji wa Bonn, Ujerumani, walikuta kaburi la mwanamume, mwanamke kijana na mbwa. Kaburi hilo lina umri wa miaka kama 14,000. Wakati huo hakuna shamba, hakuna ng'ombe, hakuna kuku. Mbwa ndiye mnyama pekee aliyekwisha kuingia kwenye familia ya binadamu. Watafiti walioyachunguza meno yake waligundua kwamba alikuwa bado mdogo, wa miezi kama 7, na kwamba alikuwa ameugua vibaya kwa wiki kadhaa ugonjwa ambao mbwa mchanga hawezi kupona bila kuuguzwa. Yaani mtu alimlisha, alimnywesha, alimsafisha matapishi. Mbwa wa miezi michache, mgonjwa, hawindi wala halindi. Walimuuguza bila faida yoyote ambayo sisi tunaweza kuiona.

Kaburi jingine lipo Eynan, kaskazini mwa Israeli ya leo, la miaka kama 12,000 iliyopita. Humo mtu mzima amelazwa, na mkono wake umewekwa juu ya mtoto wa mbwa. Nimeiangalia picha ya mifupa ile mara nyingi. Haisemi mengi, ila inasema kwamba mtu na mbwa kulala chini ya paa moja si uzungu wala mambo ya kuiga kwenye filamu. Na sisi wenyewe lugha inatushuhudia: neno "mbwa" lina ndugu zake katika lugha za Kibantu kutoka Kamerun mpaka kusini mwa Afrika, na wanaisimu wanalihesabu kati ya maneno ya zamani kabisa ya familia hiyo. Mababu walipohama, mbwa alihama nao, na jina lake likiwa mdomoni.

Sasa turudi kwenye hadithi. Wahindi ndio walioiandika mapema, katika Panchatantra, mkusanyiko wa Kisanskriti wenye zaidi ya miaka 1,500. Huko mnyama si mbwa, ni nguchiro, na kwa yeyote aliyekulia shamba hilo halihitaji maelezo, maana nguchiro na nyoka ugomvi wao unajulikana. Katika toleo mojawapo mashuhuri, mama amemlea nguchiro pamoja na mwanawe, lakini hamwamini kabisa. Anapokwenda kuchota maji anamwambia mumewe, mwangalie mtoto. Mume naye anaondoka kwenda kutafuta sadaka. Nyoka anakuja, nguchiro anafanya kazi yake, na mama anayerudi na mtungi kichwani anauangusha mtungi juu ya mnyama aliyemwokolea mtoto.

Katika karne ya 6 tabibu wa mfalme wa Uajemi, Burzoy, alizileta hadithi hizo katika Kipahlavi. Karne mbili baadaye Ibn al-Muqaffa, Mwajemi aliyeandika Kiarabu safi kuliko Waarabu wengi, akazitafsiri kuwa Kalila na Dimna. Mikononi mwake nguchiro akageuka kicheche, na baba akawa mcha Mungu anayeitwa ghafla na mjumbe wa mfalme. Lakini kilichonichekesha ni kile kinachotangulia. Mke ni mjamzito, na mume kabla hata mtoto hajazaliwa keshaanza kupanga: atakuwa wa kiume, nitampa jina zuri, nitamtafutia walimu. Mke anamkatiza kwa kisa cha mtu aliyetundika chombo cha asali na samli, akakaa chini yake kuhesabu mali atakayoipata, mpaka katika kuota kwake akakipiga fimbo, asali na samli vikammwagikia.

Nilimsomea mume wangu sehemu hiyo. Yeye keshachagua shule ya sekondari.

Katika Kalila na Dimna hadithi hii haikuwekwa kwa ajili ya wazazi. Mwanafalsafa anamsimulia mfalme ili kumwonya dhidi ya haraka. Kitabu kizima kimeandikwa kwa ajili ya watu wenye uwezo wa kuua kwa neno moja, na Ibn al-Muqaffa mwenyewe aliishia kuuawa kwa amri ya wakubwa, Basra, akiwa bado hajazeeka. Kwake kicheche ni mtumishi mwaminifu anayekatwa kichwa kabla ya kusikilizwa. Mtoto na kitanda chake ni mapambo tu ya kisa.

Basra hiyohiyo, karne moja baadaye, aliishi al-Jahiz, mwandishi ambaye wasifu wake unasema babu yake alikuwa mtu mweusi mchunga ngamia. Katika Kitabu cha Wanyama aliwakutanisha mtetezi wa mbwa na mtetezi wa jogoo wabishane kwa mamia ya kurasa, na humo akaingiza simulizi alilolisikia kwa watu. Tauni ilipita mtaani, ikamaliza nyumba nzima. Majirani waliobaki walidhani hakuna aliye hai mle ndani, wakauziba mlango. Miezi ikapita. Mrithi alipokuja kufungua, akakuta uani mtoto anayetambaa akicheza na vitoto vya mbwa. Mara akaja mbwa jike wa nyumba ile, mtoto akamkimbilia kwa magoti, akanyonya.

Nililisoma hilo usiku, mtoto akinipiga mateke ubavuni, nikashindwa kulala. Sijali kama ni kweli au si kweli. Kinachonishika ni kwamba kilisimuliwa katika jamii ya Kiislamu, na watu waliojua vizuri hukumu ya mate ya mbwa. Sisi wa pwani tumezoea kumaliza mjadala kwa ule usemi wa kwamba ukimzoea mbwa ataingia nawe msikitini. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa madrasa, alinisahihisha taratibu. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi mwambao huu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Hilo halina mjadala. Lakini mbwa wa kulinda, wa kuwinda na wa kuchunga ameruhusiwa, na kumtesa ni dhambi. Kisha akanikumbusha Sura ya Al-Kahf: vijana wamelala pangoni, mbwa wao kanyoosha miguu kizingitini, na watu wanapobishana walikuwa wangapi, mbwa anatajwa katika kila hesabu. "Dada," aliniambia, "yeye alikaa kizingitini. Ndani hakuingia, na nje hakufukuzwa." Niliandika neno hilo, kizingiti, kwenye daftari langu.

Hadithi ilipofika Ulaya, kicheche alikuwa amekwisha kuwa mbwa, na hapo ndipo ilipotoka kwenye vitabu ikaingia msituni. Katikati ya karne ya 13 Étienne de Bourbon, Mdominikani aliyetumwa kuchunguza imani za watu, alikuwa akisikiliza maungamo kaskazini mwa Lyon, Ufaransa. Wanawake kadhaa walimwambia kwamba wamewapeleka watoto wao kwa Mtakatifu Guinefort. Akauliza huyo mtakatifu ni nani. Akaambiwa ni mbwa.

Kisa ni kilekile. Bwana mwenye ngome, mkewe na yaya wote wametoka. Nyoka, mbwa, damu. Yaya anaingia wa kwanza, anapiga yowe; mama anapiga yowe; bwana anachomoa upanga. Walipoiona maiti ya nyoka wakamtupa mbwa kisimani, wakamfunika kwa rundo la mawe na kupanda miti. Baadaye ngome ikabomoka, ardhi ikawa pori, na wakulima wakaanza kumheshimu mbwa yule kama shahidi aliyekufa bila kosa, mlinzi wa watoto.

Mama mwenye mtoto dhaifu asiyekua alikuwa akipelekwa pale na kikongwe anayejua taratibu. Walitoa chumvi, walitundika nguo za mtoto vichakani, walimpitisha mtoto uchi kati ya mashina mawili ya miti mara tisa, wakiamini kwamba huyu mgonjwa si wao, amebadilishwa na mashetani wa msitu, na wakiomba warudishiwe mzima wao. Kisha walimlaza pale chini, mishumaa ikiwaka kando yake, wakaenda mbali wasimwone wala kumsikia mpaka mishumaa iishe. Étienne anasema wengine waliungua. Waliopona walipelekwa mtoni kuchovywa mara tisa.

Étienne aliamuru mifupa ya mbwa ifukuliwe, miti ikatwe, vyote vichomwe moto. Haikusaidia. Mwishoni mwa karne ya 19 wakazi wa huko walikuwa bado wanalijua jina la Guinefort na msitu wake. Mwanahistoria Jean-Claude Schmitt aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1979, na ni katika utafiti kama huo ndipo unapoona maajabu ya kumbukumbu: wale wanawake tunawajua kwa sababu tu mtu alikuja kuwakataza. Majina yao hayakuandikwa, la mbwa liliandikwa.

Kisha Wales. Kijiji cha Beddgelert kina kaburi la mbwa Gelert, ambaye eti Mwana Mfalme Llywelyn wa karne ya 13 alimuua kwa kosa hilohilo. Watalii wanalia pale mpaka leo. Inaelezwa kwamba kaburi lilijengwa mwishoni mwa karne ya 18 na mwenye hoteli ya kijijini aliyetaka wageni. Simcheki. Hadithi iliyokuwa imewafaa wafalme na wagonjwa, kwa nini isimfae mwenye hoteli?

Nilipoyapanga matoleo yote mezani, niliona jambo ambalo mafunzo ya mwisho wa hadithi hayalisemi. Wote wanatuambia tujutie upanga. Lakini kabla ya upanga, kabla ya nyoka, kuna tukio moja ambalo halikosekani kokote, India wala Basra, Ufaransa wala Wales: nyumba ilikuwa tupu. Baba kaitwa na mfalme, mama kaenda maji au kuoga, yaya katoka. Mtoto ameachwa na mnyama. Hata katika simulizi la al-Jahiz ni tauni iliyowatoa watu ndani. Hadithi inatufundisha kumwamini mbwa, kumbe yenyewe imejengwa juu ya saa ambayo hakuna mtu mzima. Yule mama wa Panchatantra alikuwa amesema wazi: mwangalie mtoto. Hakusikilizwa, na kwa karne nyingi sisi wasomaji nasi tumempita tukikimbilia damu.

Hapo nikaona ni haki kumuuliza mama mkwe.

Alikuja mwezi uliopita kutoka Mara, na gunia la viazi na ndoo ya samli. Jioni, mume wangu akiwa bado kazini, nilimkalisha barazani nikamwambia: "Mama, uliniambia mbwa watoke. Nimekusikia. Naomba nijue sababu." Alinyamaza muda. Simba alikuwa amelala karibu na ngazi, naye alikuwa anamwangalia.

Akanisimulia habari za mdogo wake. Ilikuwa miaka ya sabini, yeye akiwa na miaka 11 na mdogo wake sita. Mbwa wa jirani, ambaye watoto wote walikuwa wakicheza naye, alimng'ata mguuni. Jeraha dogo tu. Wakapaka mafuta ya taa na majani, likapona, mtoto akarudi kucheza. Wiki kadhaa baadaye akaanza kuogopa maji. "Nilikuwa nampelekea kikombe," alisema, "akikiona anapiga kelele." Alikufa katika siku chache. Mama mkwe hajawahi kumsimulia mwanawe habari hii. Mume wangu amefika miaka 38 hajui kwamba alikuwa na mjomba wa jina lile.

Katika ile hadithi ya dunia nzima, damu mdomoni mwa mbwa daima ni ya adui wa mtoto. Kijijini kwao haikuwa hivyo. Mbwa yule alikuwa mpole, alipendwa, na aliua. Wote wawili wapo katika historia, Gelert na mbwa wa jirani, na tofauti yao haikuwa uaminifu. Mmoja alikuwa na virusi.

Tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 kutoka Alsace aliyekuwa ameng'atwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto akaishi. Kwa hiyo mdogo wake mama mkwe alikufa karibu karne nzima baada ya dawa kupatikana, kwa sababu dawa haikufika Mara, na habari zake hazikufika pia. Wala si mambo ya zamani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria vifo karibu 1,500 kwa mwaka kwa Tanzania peke yake. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili karibu wote wanaokolewa: kuosha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha kwenda hospitali kuchanjwa siku hiyohiyo. Na kabla ya hayo yote, kumchanja mbwa. Wataalamu wanasema wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa pa kupita.

Basi nikaenda ndani, nikaleta kadi za chanjo za Popi na Simba. Mama mkwe akatoa miwani kwenye mkoba, akazisoma kama anavyosoma risiti, mstari kwa mstari. Tarehe, muhuri, sahihi ya daktari wa mifugo. Akauliza na minyoo je, nikamwonyesha ukurasa wa nyuma. Tulikaa pale mpaka giza likaingia, tukapanga. Banda lihamishiwe upande wa tangi la maji. Mlango wa jikoni uwekewe wavu. Mbwa wafike kizingitini, chumba cha mtoto wasikijue. Atakayemshika mtoto baada ya kushika mbwa anawe kwanza. Na la mwisho alilisema yeye, kwa sauti ya mtu aliyewahi kupeleka kikombe: mtoto asibaki hata dakika moja na mnyama peke yake, iwe kwa mfalme au kwa maji. Nilikuwa nimemsimulia Panchatantra, nami sikujua kama alikuwa akisikiliza.

Mbwa hawajatoka. Sidhani kama historia ilitoa ruhusa. Historia ina mbwa wa kila aina. Ila iliniwezesha kuuliza swali kwa mtu aliyekuwa na jibu miaka hamsini bila kuulizwa.

Mume wangu alipofika alimkuta mama yake bado ameshika zile kadi. Mama akamwambia kaa hapa, nina habari ya mjomba wako. Mimi nikaenda jikoni kuwaachia nafasi. Nikiwa huko nilimsikia, mwisho kabisa wa mazungumzo marefu, akiuliza: "Na hiyo chanjo ya mwakani, nani ataikumbuka?" Nikatafuta kalamu. Mwakani kalenda haijatoka bado, kwa hiyo nimeandika tarehe hiyo kwenye jalada la daftari la kliniki, chini ya tarehe ya matazamio.